Mwongozo kamili wa kuonja bia za krafti za staili ya Kijerumani kwa mtu asiye mtaalamu

Huu mwongozo ni wa mtu mzima anayependa bia ila hajaisomea, kama mimi tu, sina cheti cha uonjaji wala sijawahi kufanya kazi kiwandani, ninachojua nimekipata kwa kufungua chupa, kunusa, kuandika na kubishana na wenzangu mezani. Kuna jambo moja nataka ulishike kabla hatujaanza: bia ya Kijerumani usiionje ikiwa peke yake, iweke pembeni ya nyingine inayokaribiana nayo. Ukinywa Helles, bia ya Kijerumani ya rangi ya dhahabu, peke yake utasema ni bia nzuri na umemaliza, huna la kuongeza, lakini ukiiweka pembeni ya Pils, nyingine ya rangi karibu hiyo hiyo, unaona kabisa kwamba hii ina utamu kama wa mkate na ile inakauka mdomoni na kuacha uchungu kwenye ulimi, na hapo ndo kuonja kunaanza.

Kwa nini Ujerumani na sio kwingine? Kwa sababu bia zao zinatengenezwa kwa vitu vichache mno. Tarehe 23 Aprili 1516 mtawala wa Bavaria (eneo la kusini mwa Ujerumani), Wilhelm IV, alitangaza pale Ingolstadt kwamba bia itengenezwe kwa shayiri, hopsi (maua yanayoipa bia uchungu na harufu) na maji, basi. Hamira haikutajwa, wakati huo hakuna aliyejua inafanya nini hasa. Tangazo hilo ndo chanzo cha kile kinachoitwa Reinheitsgebot, yaani sheria ya usafi wa bia, na mpaka leo viwanda vingi vya Ujerumani vinaliandika kwenye lebo kwa fahari. Kwa anayejifunza hii ni bahati kubwa, maana hamna embe, hamna kahawa, hamna vanila iliyomwagwa humo kukuchanganya. Ukisikia ndizi kwenye bia ya ngano, hiyo ndizi imetoka kwa hamira, ukisikia chokoleti imetoka kwenye kimea (nafaka iliyooteshwa kisha ikakaushwa) kilichokaangwa, kila harufu ina mwenyewe na unaweza kumfuata mpaka umpate. Wenye viwanda vidogo vya krafti nje ya Ujerumani hawafungwi na sheria hiyo lakini wakitengeneza staili hizi kwa heshima yake wanabaki humo humo, na ndo hao tunawatafuta.

Hatua ya 1: Chagua chupa kwa jozi

Usiende kununua chupa kumi za kubahatisha. Andika jozi kwanza. Jozi ninazozipendekeza ni hizi, na kila staili nitaieleza kwenye hatua ya 5: Helles na Pils, Kölsch na Altbier, Dunkel na Schwarzbier, Märzen na Rauchbier, Berliner Weisse na Gose, Hefeweizen peke yake (ina jozi yake ndani ya chupa, nitaeleza), na mwisho Doppelbock ambayo ukipata Weizenbock ya kuiweka pembeni ni vizuri zaidi. Hizo zote sio za siku moja. Jozi tatu kwa kikao zinatosha kabisa, ukizidisha ulimi unachoka na kila kitu kinakuwa "tamu, nzuri, inashuka".

Ukiweza, kwenye kila staili tafuta chupa moja ya kiwanda cha zamani cha Ujerumani na moja ya krafti. Ile ya zamani ndo rula yako, unapimia nyingine. Bila rula utakuta kiwanda kimeandika "Kölsch" kwenye kopo alafu ndani kuna kitu cha matunda matunda na we unabaki unadhani Kölsch ndo iko hivyo.

Kwenye lebo angalia vitu vitatu. Cha kwanza tarehe. Pils, Helles, Kölsch na Hefeweizen zinataka kunywewa mbichi, yaani ikiwa imebaki miezi mingi kabla ya tarehe ya mwisho ndo vizuri. Doppelbock haina haraka hivyo. Cha pili ni rangi ya chupa, na hapa sicheki na mtu: chupa ya kahawia au kopo, achana na ya kijani au nyeupe iliyokaa kwenye shelfu yenye taa. Mwanga unavunja kemikali za hopsi na bia inatoa harufu ya kicheche, na kwenye Pils ambayo imejaa hopsi inatokea haraka sana. Cha tatu asilimia ya pombe, hii itakupangia mpangilio wa kunywa. Kwa makadirio Berliner Weisse iko kwenye asilimia 3, Helles, Pils, Kölsch, Dunkel na Schwarzbier zote zinacheza karibu na 5, Doppelbock inaanzia 7 na kuendelea. Lebo nyingine zina namba ya IBU ambayo ni kipimo cha uchungu wa hopsi, Hefeweizen huwa kati ya 8 na 15, Helles kati ya 16 na 22, Pils ya Kijerumani kati ya 22 na 40. Hizo namba zitumie kama ramani tu, ulimi ndo unaamua.

Tafuta na wenzako wawili watatu. Chupa ya mililita 330 mkigawana watatu kila mmoja anapata kama 110, na kiasi hicho kinatosha kunusa, kuonja mara nne tano na kurudia. Jozi tatu kwa mtindo huo ni kama mililita 650 kwa mtu. Ni pombe hiyo, sio maji, kwa hiyo mpange mapema nani anawarudisha nyumbani, na anayeendesha asionje.

Hatua ya 2: Glasi, friji na pua yako

Glasi chafu inaua bia nzuri kuliko kitu chochote, na uchafu wenyewe hauonekani, ni mafuta kidogo tu na mabaki ya sabuni. Osha, suuza kwa maji mengi, acha ikauke yenyewe ikiwa imeinamishwa, usiifute na taulo. Kupima ni rahisi: lowesha glasi kwa ndani alafu nyunyizia chumvi, pale penye mafuta chumvi haishiki. Na ukishamimina bia ukiona vipovu vimeng'ang'ania ukutani mwa glasi chini ya bia, rudi ukaoshe.

Umbo la glasi lina maana lakini usitumie hela nyingi huko mwanzoni. Chukua glasi za mvinyo zilizobana kidogo juu, zote za aina moja, inatosha kwa staili zote. Kitu cha muhimu ni zifanane, ukiweka Helles kwenye glasi pana na Pils kwenye nyembamba huwezi kujua tofauti unayoisikia ni ya bia au ya glasi.

Joto sasa. Bia ikiwa ya baridi kupita kiasi haina harufu, na bila harufu hamna cha kuonja. Pils, Helles na Kölsch nazipenda kwenye nyuzi 6 hadi 8, Hefeweizen kwenye 8, Dunkel, Altbier na Rauchbier kwenye 8 hadi 10, Doppelbock 10 hadi 13. Friji ya kawaida iko kwenye nyuzi 4 hivi, kwa hiyo toa Pils dakika chache kabla, Dunkel robo saa kabla, Doppelbock itoe wakati mnaanza kikao na itakuwa tayari mkifika kwake.

Mezani weka maji na mkate mkavu usio na kitu. Hamna pilipili, hamna kahawa, hamna sigara, na mtu aliyejipulizia pafyumu kali mwombe kwa upole akae upande wa pili.

Hatua ya 3: Kumimina

Kuna watu wanaogopa povu, wanamimina kwa kuinamisha glasi mpaka mwisho bia inabaki kama juisi. Povu ndo linabeba harufu kuja puani. Inamisha glasi, mimina taratibu mpaka katikati, alafu isimamishe na umalizie kwa kumwaga katikati ili povu lipande vidole viwili hivi. Iache itulie nusu dakika. Angalia povu: Pils nzuri povu lake ni jeupe, zito, na ukinywa linaacha pete kwenye glasi kila unaposhusha. Berliner Weisse povu lake linakufa mapema sababu ya ule uchachu, hilo sio kosa.

Hatua ya 4: Pua kwanza, mdomo baadaye

Hapa ndo pa kukaa muda mrefu. Nusa mara mbili fupi fupi kabla hujagusa bia na midomo, zungusha glasi kidogo, nusa tena. Kisha nywa kiasi cha kujaza ulimi wote, ipeleke huku na huku, imeze. Uonjaji wa bia sio wa kutema, uchungu unausikia vizuri zaidi wakati unameza. Baada ya kumeza toa pumzi kwa puani ukiwa umefunga mdomo, na hapo utapata wimbi la pili la harufu ambalo mara nyingi ni kubwa kuliko la kwanza.

Kama huniamini fanya hivi na Hefeweizen: bana pua kwa vidole, kunywa, meza, na pua ikiwa imebanwa bado. Utasikia uchachu kidogo na utamu kidogo na gesi, basi. Achia pua. Ndizi na karafuu zinaingia kwa pamoja kama mtu kafungua mlango. Ukishafanya hivyo mara moja hutakunywa tena bia kwa kuigugumia kutoka kwenye chupa, maana chupa inaziba pua.

Maswali ninayojiuliza kwa mpangilio ni haya: harufu inatoka kwa nani (kimea, hopsi au hamira), utamu unakuja lini na unaondoka lini, uchungu unabaki muda gani, mwili wa bia ni mwepesi au mzito mdomoni, na mwisho wake ni mkavu au unanata. Hilo la mwisho ndo linawatenganisha Wajerumani wengi na wengine, staili zao nyingi zina kimea kingi lakini zinamalizika kavu, na ndo maana mtu anaweza kuagiza ya pili bila kukinai.

Hatua ya 5: Jozi zenyewe

Helles na Pils. Anza hapa, kila mtu aanze hapa. Rangi karibu sawa, pombe karibu sawa, zote laga, maana yake zimechachushwa na hamira inayopenda baridi, nyuzi 8 hadi 12 hivi, kisha zikalazwa wiki kadhaa karibu na nyuzi 0 mpaka zikawa safi kabisa. Pils ilizaliwa mwaka 1842 mji wa Plzeň huko Bohemia, ambayo leo iko Jamhuri ya Cheki, na aliyeitengeneza alikuwa Mbavaria aitwaye Josef Groll. Dunia nzima ikaipenda, na München ambako walikuwa wamezoea bia nyeusi kiwanda cha Spaten kikajibu mwaka 1894 kwa Helles, ya rangi hiyo hiyo ila imeegemea kwenye kimea. Kwa hiyo unapoziweka pamoja unaonja kama ule mjadala wenyewe. Kunywa Helles kwanza, mkate mweupe, utamu mwororo, uchungu unagusa na kuondoka. Nenda Pils: maua, majani makavu, kitu kama pilipili manga kwa mbali, na uchungu unabaki kwenye ulimi mpaka umeanza kuongea na jirani yako. Alafu rudi kwenye Helles, na hapa usikimbie, maana baada ya Pils ile Helles itaonekana tamu kuliko ilivyokuwa dakika tano zilizopita. Bia haijabadilika, ulimi ndo umepata kipimo. Mi kikao kizima ningekifanya kwenye jozi hii tu na nisijutie.

Kölsch na Altbier. Hizi mbili ni za miji jirani, Köln na Düsseldorf, kama kilomita 40 tu kati yao, na watu wa miji hiyo wanataniana kuhusu bia miaka nenda rudi. Zote zinachachushwa kwa hamira ya joto kama eli (kundi jingine kubwa la bia, tofauti na laga) alafu zinalazwa kwenye baridi kama laga, kwa hiyo mifupa ni ile ile nguo ndo tofauti. Kölsch ni ya dhahabu, nyepesi, ina tunda kidogo sana kama pea au tufaha, ukiinusa kwa haraka inakupita. Altbier ni ya rangi ya shaba, ina kokwa zilizokaangwa na uchungu wa kueleweka. Jina la Kölsch linalindwa na Umoja wa Ulaya tangu 1997, kwa hiyo ndani ya Umoja huo bia iliyotengenezwa mbali na Köln haitakiwi kujiita hivyo, na viwanda vya krafti vinaandika "staili ya Kölsch" au jina jingine kabisa, usishangae ukiikuta hivyo. Kule kwao inakuja kwenye glasi nyembamba za mililita 200 na mhudumu anakuletea nyingine kila ukimaliza bila kuuliza, mpaka ufunike glasi na kile kikadi cha kuwekea bia. Kuna akili kwenye glasi ndogo: bia hii inaharibika ladha ikipata joto, kwa hiyo hata nyumbani mimina kidogo kidogo.

Dunkel na Schwarzbier. Jozi ya kuondoa ile imani kwamba bia nyeusi ni nzito na kali. Mwambie mwenzako akumiminie ukiwa umefumba macho, uonje Schwarzbier, useme rangi yake. Wengi wanasema ni ya kahawia ya kawaida au hata ya njano, sababu mwili wake ni mwepesi kabisa, pombe asilimia 5 hivi, na ule ukaangaji ni wa mbali, chokoleti chungu kidogo mwishoni. Rangi inatoka kwenye kimea kidogo tu kilichokaangwa sana. Dunkel ya München ndo ina mwili zaidi ingawa rangi yake ni hafifu kuliko ya Schwarzbier, ganda la mkate, karameli kiasi, karanga, na hamna ukali wa kuungua. Ukiipata iliyo mbichi ni bia ya kukaa nayo jioni nzima, na nadhani ndo staili inayoonewa zaidi kwenye orodha za krafti, kila mtu anakimbilia zenye makelele.

Märzen na Rauchbier. Zamani huko Bavaria amri ya mwaka 1553 ilikataza kutengeneza bia wakati wa joto, kati ya tarehe 23 Aprili na 29 Septemba, kwa sababu bia za kiangazi zilikuwa zinaharibika. Kwa hiyo mwezi Machi walitengeneza bia yenye nguvu kidogo ikalazwe kwenye mahandaki ya baridi mpaka msimu urudi, ndo ukoo wa Märzen huo, rangi ya kaharabu, kimea kilichooka kidogo, asilimia 5.5 hadi 6 hivi. Bia inayouzwa leo kwenye Oktoberfest yenyewe, lile tamasha la bia la München, ni ya dhahabu na nyepesi zaidi mdomoni, kwa hiyo ukitaka ile ya kaharabu soma lebo vizuri, viwanda vya krafti bado vinaitengeneza sana.

Rauchbier ni ya mji wa Bamberg, kiwanda chenye jina kubwa ni Schlenkerla, na kimea chake kinakaushwa juu ya moto wa kuni za mti wa biichi. Ile yao maarufu ni Märzen kwa mifupa, ndo maana nimeziweka pamoja, ukitoka kwenye Märzen ya kawaida kitu pekee kinachoongezeka ni moshi. Na hapa nakuomba subira. Funda la kwanza ni nyama iliyokaushwa kwa moshi tupu, watu wengi wanasukuma glasi. Usisukume. La pili bado moshi. Karibu na la nne au la tano pua inazoea, moshi unarudi nyuma, na kutoka chini yake unapanda ule utamu wa kimea, mkavu mkavu, na unagundua kuna bia nzuri sana ilikuwa imesimama pale muda wote. Usihukumu Rauchbier kabla glasi haijafika nusu. Na kwenye kikao iweke mwishoni au karibu na mwishoni, ikipita kila kitu kinachofuata kinanukia moshi.

Berliner Weisse na Gose. Zote za ngano na shayiri, zote chachu, uchachu unatoka kwa bakteria wa jamii ya wale wa kwenye mtindi. Berliner Weisse ni nyepesi mno na inakwaruza kama ndimu, kule Berlin wengi wanaichanganya na sharubati ya rasiberi au ya mmea wa kijani uitwao Waldmeister, we ionje kavu kwanza alafu ukitaka changanya. Gose asili yake Goslar ikakulia Leipzig, ina chumvi na mbegu za giligilani (hii ni ya kipekee kwenye orodha, ile sheria ya vitu vichache haiifuati), ikapotea kabisa miaka ya 1960 na kufufuliwa miaka ya 1980, na leo viwanda vya krafti duniani kote vinaipenda. Chumvi isiwe ya kuonekana kama chumvi, iwe ni ule utimilifu tu, mate yanakujaa mdomoni. Ukihisi kama umekunywa maji ya bahari, mtengenezaji amezidisha.

Hefeweizen. Kwa sheria ya Ujerumani angalau nusu ya kimea chake ni ngano, na kwa muda mrefu haki ya kuitengeneza Bavaria ilikuwa ya watawala, mpaka mwaka 1872 Georg Schneider akapewa ruhusa. Jozi iko ndani ya chupa yenyewe. Iache chupa isimame wima kwenye friji tangu jana yake ili hamira ikae chini. Fungua bila kuitikisa, mimina glasi ya kwanza taratibu kutoka juu, itakuwa angavu kiasi. Ikibaki vidole viwili hivi chini, zungusha chupa kwenye kiganja, utaona tope jeupe linanyanyuka na kupanda ukutani, mimina hiyo kwenye glasi ya pili yenye bia kidogo. Onja zote mbili. Ile ya kwanza ni kali kidogo na karafuu inaonekana wazi, ya pili ni laini, nzito, ina unga unga na mkate mbichi. Kuna Hefeweizen za ndizi sana na nyingine za karafuu sana, inategemea hamira na joto la uchachushaji, na hakuna iliyo sahihi kuliko nyingine. Mimi ni wa karafuu.

Doppelbock. Watawa wa Paulaner pale München ndo walioanza, bia nzito ya kuwashikilia wakati wa kufunga, wakaiita Salvator, na ndo maana mpaka leo nyingi zina majina yanayoishia na "-ator". Kwa desturi ya Ujerumani kabla ya kuchachuka inakuwa na angalau asilimia 18 ya vitu vilivyoyeyuka, sukari ya kimea hasa, ndo maana ni nene. Kunywa polepole, glasi ikiwa mkononi ili ipate joto: zabibu kavu, tende, ganda la mkate lililoungua kidogo. Weizenbock, ndugu yake wa ngano, pembeni yake ina nguvu hiyo hiyo ila ndizi na karafuu zimeingia kwenye matunda makavu, na kuna wanaoipenda kuliko zote kwenye orodha hii.

Hatua ya 6: Andika, kwa maneno yako

Andika wakati glasi iko mbele yako, sio kesho. Usiazime maneno ya lebo. Kama harufu inakukumbusha daftari jipya, andika daftari jipya, mwenzako atacheka lakini mwezi ujao ukisoma utaikumbuka ile bia papo hapo. Mfano wa maandishi yangu: "Pils. Njano ya majani makavu, povu limeshika mpaka mwisho. Pua: maua, nyasi zilizokatwa. Mdomo: mkate kidogo, kisha kavu. Uchungu unakaa, mzuri, hauchomi. Nataka nyingine." Hilo la mwisho ni kipimo halali, usiliache. Maksi za kumi juu ya kumi sizitumii, zinakufanya ufikirie namba badala ya bia.

Hatua ya 7: Jua bia iliyoharibika

Laga za Kijerumani ni safi mno kiasi kwamba kosa dogo linaonekana, kwa hiyo ni sehemu nzuri ya kujifunza makosa. Harufu ya kicheche ni mwanga, nimeshaeleza. Siagi au bisi zenye siagi, hamira haikupewa muda wa kumaliza kazi. Tufaha bichi la kijani, mara nyingi ni bia iliyotolewa mapema. Mahindi ya kuchemsha, ikiwa kidogo sana kwenye Helles watu wanavumilia, ikiwa ndo kitu cha kwanza unachosikia basi kuna tatizo. Boksi lililoloa ni hewa na uzee, hiyo utaikuta sana kwenye chupa zilizosafiri mbali na kukaa kwenye joto, na sio haki kumlaumu mtengenezaji, tafuta chupa mbichi zaidi ya bia ile ile kabla hujaamua.

Hatua ya 8: Jaribio la glasi tatu

Ukishapita kwenye jozi zote, rudi kwenye ile unayoipenda na ujipime. Mwenzako achukue bia mbili, tuseme Helles ya kiwanda cha zamani na Helles ya krafti, amimine kwenye glasi tatu wewe ukiwa chumba kingine, mbili ziwe bia ile ile na moja tofauti, aweke alama chini ya glasi. Kazi yako ni kutafuta ile iliyo peke yake. Kama rangi zinasaliti zima taa kubwa au tumia vikombe visivyopitisha mwanga. Nusa zote tatu kabla ya kuonja hata moja, rudi nyuma, kunywa maji, onja kutoka kulia kwenda kushoto kisha kushoto kwenda kulia. Kubahatisha tu kunakupa nafasi moja kati ya tatu, kwa hiyo kupatia mara moja hakuhesabiki, rudia siku nyingine na glasi zimepangwa upya. Ukianza kupatia mfululizo badilisha jozi iwe ngumu zaidi: Helles mbili za viwanda vya zamani vya mji mmoja.